Kidole kwenye mstari: shajara ya baraza la maswali, Nakivale

Kabla ya kuanza

Kumbukumbu hizi niliziandika nyuma ya daftari la mazoezi, kila Jumamosi jioni kabla sijala. Nimezipanga sasa kwa ajili ya mwenzangu yeyote anayefikiria kuanzisha baraza kama letu. Majina ya watu hayamo. Tulikubaliana hivyo siku ya kwanza: maneno yanaweza kutoka nje, aliyeyasema abaki ndani.

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa Afrika. Wa kwanza walifika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo tupo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, na wenyeji Wanyankole wanalima na kuchunga pembezoni mwetu. Kinachotukutanisha sokoni na bombani ni Kiswahili, kila mtu na chake: cha Bukavu, cha Bujumbura, cha Nairobi. Mzee mmoja mwenyeji ana cha mnadani, alikojifunzia akiuza ng'ombe. Aliniambia mapema kwamba watu wa umri wake hapa Uganda walikijua kwanza kama lugha ya askari, na kwamba bado kuna maneno ya Kiswahili ambayo akiyasikia hugeuka kuangalia nyuma. Serikali iliamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni. Mzee anasema wajukuu wake watakisikia kwa sauti nyingine, na kwake hilo ni jambo kubwa.

Nia yenyewe ni hii. Watu kumi au kumi na wawili, saa moja na nusu kila Jumamosi alasiri, maandishi mafupi yasiyozidi ukurasa mmoja katikati yetu, na maswali juu ya mambo tunayoyathamini: ukweli, ukarimu, haki, heshima. Hakuna mhadhara wala kura. Kazi yangu ni kuuliza.

Wiki ya 1

Walikuja tisa. Chumba ni duka tupu karibu na eneo la Base Camp hapa Nakivale, mabati juu, mabao manne niliyoyapanga kwa mraba ili pasiwe na mbele wala nyuma.

Nilikuwa nimeandika mwenyewe ukurasa juu ya uaminifu. Mtu mwaminifu huaminiwa, mwongo huaibika, mtoto amwangalie mzazi wake, na kadhalika. Nikausoma, kisha nikauliza: "Kwa nini uaminifu ni muhimu?" Wakajibu kwa zamu, kwa adabu, kama watu wanaoitikia ibadani. Papa fundi cherehani akasema uaminifu ni msingi wa maisha. Aliyefuata akasema papa amesema vyema. Dakika ishirini hazijaisha, hapana mwenye la kuongeza.

Nimekaa na jambo hili siku mbili. Kosa la kwanza ni maandishi. Ukurasa ule ulikuwa na jibu lake tayari, na maandishi yanayojua jibu hayana mlango wa mtu kuingilia. Kosa la pili ni swali: lilikuwa la mtihani. Ukimwuliza mtu jambo ambalo wewe unalijua, yeye hafikirii jambo lile, anatafuta kilichomo kichwani mwako. Sisi tuliosoma kwa kuimba majibu pamoja darasani tulilelewa hivyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: nisiingie na swali ambalo halinisumbui mimi mwenyewe. Na swali hilo mtu aweze kulitafutia jibu ndani ya karatasi, si angani.

Wiki ya 2

Hii ndiyo wiki niliyojifunza zaidi, na nisingependa mtu mwingine ajifunze kwa njia hiyo.

Nilichukua kisa kilichomo mwanzoni mwa Jamhuri, kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Sokrates, mwalimu wa Plato, anazungumza na mzee tajiri, Cephalus, juu ya haki. Ikiwa haki ni kusema kweli na kurudisha cha watu, anauliza Sokrates, je, rafiki aliyekuachia silaha akiwa na akili timamu akirudi kuidai akiwa amerukwa na akili, utampa? Nikakiandika kwa Kiswahili chepesi, mistari kumi na mmoja, kila mstari na nambari yake kando. Neno "silaha" nikalifanya "panga", kwa sababu panga lipo kila nyumba hapa.

Nambari zile ni kitu kidogo chenye faida kubwa. Mtu hasemi tena "nafikiri", anasema "mstari wa sita". Nikaweka na sharti: anayedai jambo limesemwa, aweke kidole pale lilipo. Kwa wasiosoma, karatasi inasomwa kwa sauti mara mbili, polepole. Mama mkunga hakwenda shule kabisa, lakini baada ya kusomewa mara ya pili alikuwa na mistari yote kichwani kwa mpangilio wake, na ndiye aliyetusahihisha tulipochanganya wa nne na wa tano.

Mazungumzo yakashika moto. Kijana wa boda alisema mali ya mtu ni ya mtu, mpe, atakalolifanya ni lake. Nikamwuliza aweke kidole. Akapata "alimwachia", akasimama hapo. "Kuachiwa si kupewa," akasema, lakini kwa sauti ya mtu ambaye ameona kitu. Dada Mrundi akauliza kama kukataa kurudisha ni wizi au ni ulinzi, na ulinzi wa nani. Nilikuwa nimefurahi mno, nadhani ndiyo maana sikuona.

Mama wa chapati aliinuka, akailaza karatasi yake kifudifudi juu ya bao, akatoka.

Tulipomaliza mkunga alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, kule tulikotoka panga si la kukatia majani peke yake."

Jumapili nilikwenda kibandani kwa mama wa chapati kuomba radhi. Aliendelea kugeuza chapati huku akinisikiliza. Akasema hakukasirika, ila kama ningemwonyesha karatasi kwanza angeniambia. Akanifungia chapati mbili kwenye gazeti, akakataa pesa.

Nilibadilisha neno ili kisa kiwe karibu na watu. Sikujiuliza karibu na nani. Tangu wiki hiyo kila maandishi yanasomwa kabla na watu wawili waliopitia njia tofauti, na mmoja wao ni yeye. Alikubali kazi hiyo nilipomwomba, ingawa kwa wiki kadhaa hakurudi kukaa na sisi.

Wiki ya 3

Maandishi: "Mkono mtupu haulambwi." Karatasi nzima, maneno matatu. Swali: mkono ukiwa na kitu, anayeulamba analamba mkono au kitu?

Fundi cherehani alianza kwa uhakika: zawadi huja baada ya kazi, hongo huja kabla. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Dada Mrundi akauliza, "Na kuku ambaye mama yangu alimpelekea mkunga kabla mdogo wangu hajazaliwa?" Wote wakamgeukia mkunga. Akafikiri. "Yule kuku hakuibadilisha mikono yangu," akasema. "Ningemzalisha hata bila kuku."

Basi kipimo kikahama: si kabla wala baada, ni kama jambo lingefanyika bila kitu kile. Tukakaa na kipimo hicho nusu saa nzima. Ndugu yetu Msomali anayeuza nguo, aliyekaa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, miaka mingi, ndiye aliyekitikisa: "Na ikiwa aliyepokea mwenyewe hajui kama angefanya?" Hapakuwa na jibu. Tuliondoka nalo hivyo hivyo, na Jumatano kijana wa boda alinisimamisha barabarani, akazima pikipiki, akaniambia amelipata. Nikamwambia aliweke mpaka Jumamosi.

Kwenye daftari nilichora mraba wa mabao na kuvuta mstari kutoka kwa kila asemaye hadi kwa anayemwambia. Nilipoangalia mchoro usiku, karibu kila mstari ulipita kwangu. Walikuwa wakinijibu mimi, si wao kwa wao.

Wiki ya 4

Nimeamua kupambana na ulimi wangu.

Leonard Nelson, mwanafalsafa Mjerumani, alitoa mhadhara Göttingen mwaka 1922 akitetea njia ya Sokrates kama njia ya kufundishia, na mwanafunzi wake Gustav Heckmann akaiendeleza kwa ajili ya vikundi kwa miaka mingi. Kwa Heckmann kiongozi hapaswi kutoa maoni yake juu ya jambo linalojadiliwa, asilani. Nilidhani nalifuata hilo kwa sababu sikusema "mimi naona". Kumbe nilikuwa nasema "vizuri sana" kwa waliosema nilichokipenda, na "mh" kwa wengine. Watu wazima wanasoma uso wa mwalimu kuliko wanavyosoma karatasi.

Leo nimejiruhusu sentensi tatu tu. "Unaliona wapi?" "Ukisema hivyo una maana gani?" "Kabla hujamjibu, hebu sema alichosema mwenzako mpaka akubali kwamba ndicho." Zaidi ya hapo, kimya. Kimya kilipoingia nilikuwa nahesabu kwa vidole vya miguu ndani ya viatu, nikimaliza kumi naanza upya. Mara moja nilimaliza mara tatu. Kisha Mzee akazungumza, na alilolisema lisingekuja kama ningejaza pengo lile.

Njiani kurudi nilitembea na mkunga. Nikamsimulia kwamba mama yake Sokrates, Phaenarete, alikuwa mkunga, na Sokrates katika maandishi ya Plato anasema kazi yake ni ileile, ila yeye anazalisha mawazo ya watu wakati yeye mwenyewe hana la kuzaa. Mkunga akasimama. "Alikuwa anavuta?" Sikumwelewa. "Mtoto ukimvuta kabla ya saa yake unamwumiza, na mama pia. Wengi wanaharibu hapo. Mikono inataka kufanya kitu." Nikamwambia nafikiri Sokrates wakati mwingine alivuta. Akaguna, akaendelea kutembea.

Robo saa ya mwisho tunaiweka kwa ajili ya mazungumzo juu ya mazungumzo, nalo pia ni la Heckmann. Hatuzungumzii tena mada, tunazungumzia tulivyozungumza. Leo lilitoka jambo zito. Mzee alilalamika kwamba kijana wa boda anamkata kauli. Kijana, kwa heshima yote, akasema Mzee akipingwa humwita mtoto, na mtoto hana la kujibu. Chumba kikawa kigumu. Huku kwetu huwezi kumwambia mtu wa umri ule "umekosea", na hakuna aliyetaka heshima hiyo ivunjwe, hata mimi.

Fundi cherehani ndiye aliyepata njia. "Wewe usimpinge Mzee. Weka kidole kwenye mstari, useme: Mzee, maandishi yanakataa. Mzee akishindana, ashindane na karatasi." Mzee akacheka kwanza, kisha akasema hiyo inawezekana.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maandishi yanahitajika. Nilikuwa nayatumia kama chanzo cha mada, na mada ungeweza kuitaja kwa mdomo tu. Kumbe karatasi inabeba ule ubishi ambao mtu na mtu wasingeweza kubebeana. Mkimbizi hawezi kumwambia mwenyeji "huna haki" na jioni akaenda kununua maziwa kwake. Lakini wote wawili wanaweza kuinama juu ya mstari wa tano.

Wiki ya 5

Mvua. Mabati yalipiga kelele hata mtu wa pembeni yako humsikii. Tukakaribia kuondoka, ndipo nikagawa karatasi tupu: andika sentensi moja juu ya swali, mpe wa kushoto, naye ajibu chini yake, iendelee. Wasioandika walikaa na mwandishi na kumnong'oneza sikioni.

Saa nzima bila sauti isipokuwa mvua. Kijana mmoja ambaye wiki nne hakuwa amefungua kinywa, na nilikuwa nimeanza kudhani amekuja kwa ajili ya chai, alijaza pande mbili za karatasi. Ana kigugumizi. Sikulijua hilo. Sasa kila baraza linaanza na dakika tano za kuandika kabla ya kusema, mvua au jua.

Wiki ya 6

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Nilisita kuileta. Wasomaji wangu wawili wa kwanza, mama wa chapati na Mzee, walisema ilete, kila mmoja kwa sababu yake, na hawakuniambia sababu.

Swali la kufungulia: jembe hili linamheshimu mgeni au linamfukuza?

Mzee alisema linamheshimu. Mtu unayemlisha kila siku umemfanya mtoto. Ukimpa jembe umesema naye kama mtu mzima. Kijana wa boda akasema hapana, jembe ni njia ya kuambiwa karamu imekwisha bila mwenye nyumba kuchafua mdomo. Wakaenda na kurudi. Kisha fundi cherehani, ambaye kwa kawaida ni mtu wa maneno yaliyokamilika, akauliza taratibu: "Mimi niko hapa mwaka wa kumi na mbili. Siku yangu ya tatu ilikuwa lini?"

Nilihesabu vidole vyote vya miguu.

Alisimulia. Alipofika alipewa kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima, na jembe lenyewe, halisi, la chuma. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kutembea, na watu wa nchi nyingi wangetamani hilo. Yeye anashukuru na alisema hivyo. Lakini watu wameongezeka, vipande vimekuwa vidogo, na jembe lake linagonga jembe la jirani. Mzee akamkatiza: "Na ardhi ile mliyopewa mlime, aliyekuwa akichunga pale aliulizwa?"

Hii ndiyo sentensi niliyokuwa nikiiogopa tangu wiki ya kwanza. Nilitaka kusema kitu cha kutuliza. Nikauliza tu: "Kwenye karatasi, nani anatoa jembe?"

Wakainama. Muda mrefu. Dada Mrundi akaweka kidole kwenye "mpe".

"Haisemi," akasema. "Inamwambia mtu ampe. Huyo anayeambiwa ni mwenyeji. Mgeni haambiwi chochote. Methali yote inamzungumzia yeye, naye amekaa palepale anasikiliza."

Mzee alikubali kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Kisha akaongeza, na hapa aliweka kidole chake karibu na cha dada: "Lakini na mimi mwenyeji siulizwi. Naambiwa tu: mpe." Wakabaki hivyo, vidole viwili kwenye neno moja la herufi tatu, mkimbizi na mwenye nchi, na kwa mara ya kwanza wakiwa upande mmoja wa kitu.

Wiki ya 7

Tuliendelea na methali ileile, nikiongeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba Mwalimu Nyerere aliitaja methali hii katika maandishi yake ya 1962 juu ya ujamaa, akiongeza kwamba kwa kweli mgeni huenda aliliomba jembe mwenyewe kabla ya kupewa. La pili ni kwamba ziko beti za zamani za pwani zinazohesabu siku za mgeni hadi kumi: anaanza kwa wali, jembe linakuja siku ya nne, na kufikia siku ya kumi ni mateke na magumi. Ndugu Msomali akasema basi hata pwani hawakukubaliana kama ni siku ya tatu au ya nne, na ikiwa tarehe inabishaniwa huenda tarehe siyo hoja.

Hapo nikaomba tukio. Nelson na Heckmann waling'ang'ania hilo na sasa naona sababu: mtu akizungumzia "wageni" kwa jumla anaweza kusema lolote, lakini akisimulia siku moja aliyoiishi, siku hiyo inamsahihisha. Nikauliza ni nani amewahi kuwa mgeni kwenye nyumba ya watu asiowajua.

Nilitarajia Wakongo. Mzee ndiye aliyenyoosha mkono.

Mwaka 1979, vita vya kumng'oa Idi Amin vilipopita Mbarara, familia yake iliondoka na ng'ombe wachache kuelekea kaskazini, wakapokelewa na watu wasiowajua. Alikuwa kijana. Siku ya pili alfajiri baba yake, mtu asiyetaka kulishwa bure, alichukua jembe la mwenyeji lililoegemea ukutani, bila kuuliza, akaenda kulima. Mwenyeji alipoamka akamkuta shambani, akamnyang'anya jembe kwa hasira. Alisema: unaniaibisha, majirani watasema nimemtumikisha mgeni kabla hata hajapumzika. Baba yake alirudi ndani, akakaa. Siku ya tatu mwenyeji mwenyewe alimletea jembe lilelile, ameliosha.

"Ameliosha," Mzee akarudia, akionyesha kwa viganja jinsi alivyofuta udongo kwenye chuma.

Tukaanza upya kutoka hapo. Mkunga akasema basi siku mbili si za mgeni, ni za mwenyeji. Ni haki yake kutoa, na mgeni akimnyima anamkosea. Fundi cherehani akasema na siku ya tatu ni ya mgeni, kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wa kigugumizi aliandika kitu, akampa dada asome: "Kwa hiyo mtu anayepewa posho miaka kumi na mtu anayepewa jembe siku ya kwanza wote wameibiwa siku." Hakuna aliyesema chochote kwa muda. Sikuhesabu, nilisahau.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki 1995, aliwaendea wazee wa vijijini Kenya na kuwahoji. Alitofautisha kati ya mwenye hekima anayejua vizuri yale ambayo jamii yake husema, na mwenye hekima anayeyapima yale jamii yake husema. Nililibeba hilo kichwani kwa miaka nikidhani ni aina mbili za watu. Leo nimemwona Mzee wa mnadani akitoka upande mmoja kwenda wa pili ndani ya saa moja, na kilichomvusha ni jembe lililooshwa.

Wiki ya 8

Siku ya mgao iliangukia Jumamosi. Walikuja wanne. Tulikunywa chai, hatukufanya baraza.

Wiki ya 9

Ijumaa jioni mama wa chapati alinipigia simu. "Mwalimu, ile karatasi ya panga bado uko nayo?" Nikasema ninayo ila siitumii tena. "Ilete kesho. Nitasoma mimi."

Nilimwuliza mara mbili kama ana hakika, na nikamwomba mkunga akae karibu naye. Niliwaambia wengine kwamba yeyote anayetaka kutoka atoke bila kueleza. Hakutoka mtu. Kijana wa boda alileta kiti chake karibu na mlango, nafikiri ili akae pale ambapo mtu angepitia.

Mama alisoma kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari, na nambari zake. Alipofika wa nne alisimama, akameza mate, akaendelea. Alisoma mara ya pili bila kusimama. Nilikuwa na swali langu la kufungulia limeandikwa juu ya ukurasa, lilelile la wiki ya 2: je, kurudisha cha mtu ni haki siku zote? Nilifungua kinywa kuliuliza.

Yeye alikuwa ameshaweka kidole.

"Hapa, wa nne. Inasema: rafiki yake akarudi kulidai. Na wa tisa inasema tena: amnyime rafiki yake?" Akainua macho. "Nani amesema bado ni rafiki? Mwenye kuandika anamwita rafiki toka mwanzo mpaka mwisho. Hajauliza."

Mzee akavuta karatasi yake karibu, akatafuta wa nne kwa kucha. "Ni kweli," akasema. "Nimesoma mara nyingi sikuliona hili." Fundi cherehani akasema pengine kuwa rafiki ndiko kunakomfanya asimpe. Mama akamgeukia: "Papa, sema tena, polepole. Nataka nikuelewe kabla sijakujibu." Akasema tena. Akasema mara ya tatu, kwa maneno mengine, mpaka mama akatikisa kichwa kwamba ndiyo, ameelewa, ila hakubaliani.

Mistari niliyoichora kwenye daftari leo inakwenda kila upande, na mmoja tu unapita kwangu: nilipouliza nani anataka chai. Swali langu la juu ya ukurasa nimelifuta, nikaandika la mama. Kwa wiki ijayo yeye ndiye atakayeleta maandishi, na amesema mimi nitakuwa mmoja wa wawili watakaoyasoma kwanza.